Moyo Kwenye Spika

Moyo wa Dokta Mbelwa ulianza kupiga kwenye spika kabla mwenyewe hajagusa maji.

Du-du. Du-du. Ulijaa kwenye korido, ukapanda ngazi, ukaingia jikoni, ukaingia hadi chooni. Kwenye meli ya utafiti Nguva hakuna pa kujificha moyo wa mzamiaji usikufikie. Ndiyo desturi yetu. Mtu akishuka, moyo wake unabaki juu na sisi, na sisi tuliobaki haturuhusiwi kupiga mluzi, kugonga nyundo wala kufungulia muziki mpaka mwenye moyo arudi kuuchukua.

Nilikuwa kwenye chumba cha winchi, kibanda cha vioo nyuma ya meli, mkono wangu juu ya mpini. Chini yangu, ndani ya kizimba cha chuma, Dokta Mbelwa alifumba macho huku maji ya pumzi yakimjaa mapafuni. Hakuna anayezoea jambo hilo. Unazama mara mbili: kwanza ndani ya kofia yako mwenyewe, ndipo baharini. Mwili wake ulirukaruka, mikanda ikamshika, moyo ukakimbia kwenye spika zote, kisha maji yakaanza kumlisha hewa na moyo ukatulia.

"Dokta, unanisikia?"

Taa ya kijani iliwaka mbele yangu mara moja. Ndiyo.

Mtu aliyejaa maji kooni hawezi kusema. Anasikia kupitia mfupa wa fuvu na anajibu kwa kidole. Mbonyezo mmoja ni ndiyo, miwili ni hapana, mitatu ni nivuteni.

"Uko tayari?"

Ndiyo.

Nikaachia breki. Kebo ikaanza kuteremka na ngoma ya winchi ikanguruma.

"Nenda salama, Dokta," nikamwambia, kwa sauti laini niliyokuwa nimeifanyia mazoezi tangu chuoni.

Hakujua mimi ni nani. Kwake nilikuwa Somoe Nandonde, fundi winchi, binti mwenye stashahada ya mitambo na maneno machache. Mimi na dada Esha ni wa mama mmoja na baba tofauti, kwa hiyo majina yetu ya ukoo hayakufanana. Hata nyuso hazikufanana. Yeye alikuwa na mwanya, mimi nina meno yaliyobanana kama abiria.

Picha yake iko korido ya chini. Nguva ni meli ya zamani, na ukutani wamewapanga waliotutangulia. Mwanzo kuna wanaume wa kaptura wanaoshusha jiwe la risasi kwa kamba ili wajue tu bahari ina kina gani. Wanafuata wenye chupa za kutekea maji ya chini. Kisha wako wale waliokumbatia roboti za manjano kama watu waliopata mtoto wa kwanza. Picha za roboti zinaishia ghafla. Maji yanayofoka Shimo la Mkizi, hapo tunapozamia, yamejaa madini yanayovuruga kila chombo chenye akili ya umeme. Roboti zilishuka zikapofuka. Nyingine ziko huko mpaka leo zikizunguka zisijue juu ni wapi. Waya wa kawaida wa simu ulivumilia, winchi ilivumilia, na ubongo wa binadamu ulivumilia. Basi wakarudisha watu.

Picha ya mwisho ndiyo ya Esha. Kofia kaibana kwapani, anacheka. Chini yake kuna kibao cha shaba: ALIJITOA KWA AJILI YA SAYANSI.

Alijitoa. Kana kwamba aliamka asubuhi akajifunga utepe wa zawadi mwenyewe.

Nahodha Shaame ndiye aliyeleta habari nyumbani kwetu Mikindani, na kapu la machungwa mkononi. Alivua kofia, akamwambia mama, "Moyo ulisimama ghafla, bi mkubwa. Hakuna aliyesikia kitu." Mama alilia kwa neno la kwanza. Mimi nilinasa kwenye neno la pili. Kwa sababu Esha alikuwa akinipigia simu kila meli ilipoingia bandarini, akicheka: "Mdogo wangu, huku hata nikimpenda mtu siwezi kuficha. Moyo wangu unasikika mpaka kwenye sufuria la Babu Mchopa."

Sasa kwenye meli ya namna hiyo, moyo unasimamaje bila mtu kusikia?

Swali hilo ndilo lililonipeleka chuo. Wenzangu walisomea mshahara. Mimi nilisomea winchi, maana winchi ndiyo inayoamua nani atarudi juu.

*

Siku iliyotangulia, mchana, nilikuwa nimebaki peke yangu kwenye chumba cha kulia. Babu Mchopa, mpishi, alikuja akasimama juu ya sahani yangu na mwiko wake.

"We mtoto," alisema, "unakula kama mtu ninayemfahamu."

"Njaa ni moja, babu."

"Njaa ni moja, lakini ukoko! Unaupanga pembezoni mwa sahani kama mtu anajenga ukuta, halafu unaumalizia mwisho kama pipi. Nimepika miaka mingi baharini. Waliokula hivyo nimewaona wawili tu."

Nilitafuna. Ukoko ukalia mdomoni.

Akaketi. Akauliza taratibu, "Mama hajambo?"

"Mama analala na redio inaimba. Hawezi tena kukaa kwenye kimya."

Mchopa alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Siku ile ilikuwa Idi," alisema. "Nilipika pilau."

"Na moyo wake ulikuwa unasikikaje, babu?"

"Tulikula, mwanangu. Palikuwa..." Mkono ukasimama juu ya meza. "Palikuwa kimya."

Akainuka akarudi jikoni, nikasikia anapanga masufuria yasiyohitaji kupangwa.

Kimya. Basi spika zilizimwa. Na spika za Nguva zinazimwa kwa ufunguo mmoja tu, unaoingia kwenye swichi mbili: moja mezani kwa mtafiti mkuu, nyingine kwenye chumba cha winchi. Ufunguo huo Dokta Mbelwa, mtafiti mkuu wetu, alikuwa akiuvaa shingoni kama hirizi.

Lakini asubuhi ya kushuka, kwa kuwa mzamiaji alikuwa yeye, kanuni ilimlazimu aukabidhi kwa mwendesha winchi. Alinivisha mwenyewe, mbele ya watu.

"Nakukabidhi roho yangu, binti," alitania.

"Nimeipokea, Dokta."

Lazima niseme na hili, nisije nikaonekana nimelificha. Mbelwa si mwoga. Sponji, mnyama wa sakafu ya bahari, aliyoichuma Esha kabla ya kufa ndiyo iliyotoa dawa ya homa iliyokuwa imeshinda dawa zote. Nimewaona watoto wa mtaani kwetu wakiinuka vitandani kwa dawa hiyo. Sponji za maabara zilipoanza kufa, akahitaji mbegu mpya kutoka Shimoni, na wazamiaji wakagoma bila kusema wamegoma. Huyu mgongo, huyu sikio, huyu kaota ndoto mbaya. Hakuna aliyetaka kuning'inia kwenye kebo chini ya amri yake. Akasema, "Basi nitashuka mimi." Na akashuka.

Ingekuwa rahisi kumchukia kama angekuwa mwoga. Mimi nilimchukia hivyo hivyo alivyo.

*

Alifika chini jua likiwa utosini. Nilisikia moyo wake ukiongeza mwendo kwa furaha alipoziona sponji, kisha ukishuka alipoanza kuzichuma. Mchana ule sitaha ilitulia. Mabaharia walikaa kivulini wakisubiri, mmoja anasuka kamba, mwingine anakata kucha, wote kwa adabu ya desturi.

Taa ikawaka mara tatu. Nivuteni.

Nilifunga mlango wa kibanda kwa komeo. Nikabonyeza kitufe cha matangazo ili sauti yangu nayo ipite kwenye spika. Kisha nikaondoa mkono kwenye mpini.

"Dokta Mbelwa. Mama yangu anaitwa Bi Zainabu, wa Mikindani. Esha ni dada yangu."

Moyo ukaruka. Meli nzima ilisikia. Yule aliyekuwa anasuka kamba aliinua uso.

"Utavutwa," nilisema. "Lakini kwanza utajibu. Siku ya Idi, ulizima spika?"

Ndiyo. Haraka, bila kusita.

Nahodha Shaame alikuwa amekwisha kufika, anapiga kioo kwa kiganja. "Somoe! Fungua mlango! Mvute mtu!"

"Nauliza kwanza, Nahodha."

"Una wazimu? Hewa ya kwenye maji yake inaisha!"

"Naiona hapa. Bado mstari ni wa kijani. Mlipomwacha dada yangu ulikuwa rangi gani?"

Nikarudi kwenye maikrofoni. "Dokta, ulizizima ili watu wasisikie anakufa?"

Taa mbili. Hapana.

"Mwongo!"

Lakini moyo haukutikisika. Ulipiga sawasawa, du-du, du-du, kama wa mtu anayetaja jina lake. Na hapo nje ya kioo nikamwona Babu Mchopa, aproni imelowa, anasukuma mabega ya watu apite.

"Hasemi uongo, mwanangu," alisema. "Tuliomba sisi."

"Mliomba nini?"

"Kimya." Alishika kioo kwa mikono miwili. "Safari nzima tulikuwa tunakula na mioyo ya watu. Unatia tonge, moyo wa mtu. Unaswali, moyo wa mtu. Ikaingia sikukuu, vijana wakaniambia, babu, mwombe Dokta atupe muda kidogo tule pilau kama watu wa nyumbani. Nikaenda. Miguu yangu hii. Akasema sawa, kuleni, mimi nitamsikiliza kwa hedifoni. Tukala." Alifuta kioo kwa aproni. "Tukacheka pia, Somoe. Kulikuwa na vichekesho vingi siku ile."

Niliwatazama wote, mmoja mmoja. Watu waliokuwa wakiniita dada, wakiniachia kiti kwenye kivuli. Hakuna aliyeweza kunitazama.

Kumbe adui niliyemfuata alikuwa na meli nzima nyuma yake, na pilau mkononi.

Nikarudi kwenye maikrofoni, kwa yule mmoja aliyebaki anasikia.

"Basi uliusikia peke yako, Dokta."

Ndiyo.

"Ukausikia unachechemea."

Hapa moyo wenyewe ulijibu kabla ya kidole. Ndiyo.

"Ukangoja."

Ndiyo.

"Ulingoja sponji?"

Ndiyo.

"Ungemvuta wakati ule ule, angefika juu hai?"

Spika zilipiga, zikapiga. Ndiyo.

Mtu mmoja sitahani alisema, "Yallah." Nahodha aliacha kugonga kioo.

Nilikuwa na swali moja lililobaki, na sikuwa nimelipanga. "Ungerudishwa siku ile, Dokta, ungefanya vilevile?"

Kila anayetaka kuishi angebonyeza mara mbili. Uhai wake ulikuwa umening'inia kwenye mkono wangu, naye alijua. Angeweza kunidanganya kwa kidole kimoja.

Taa iliwaka mara moja.

Ndiyo.

*

Mstari wa hewa uligeuka njano. Sikugusa mpini. Ukageuka mwekundu.

Maji ya pumzi yanapochoka, hayaui ghafla. Yanakubana taratibu, kama chumba ambacho watu wanazidi kuingia. Moyo unakimbia kuitafuta hewa isiyokuwapo, kisha unaanza kujikwaa. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo darasani na kulijibu vizuri kwenye mtihani. Sasa nililisikia kwa masikio yangu.

Du-du. Du... du-du. Du.

Hivi ndivyo alivyosikika Esha. Hivi hivi, sikioni mwa mtu mmoja, huku wengine wakipakuliana nyama.

"Somoe," Nahodha alisema, safari hii kwa upole, "mwanangu, utakuwa muuaji."

"Na ninyi mko nini?"

Du... du... du-du.

Baharia mmoja kijana, Ligwaru, aliziba masikio kwa mikono. Alikuwa amechuchumaa, anayumba mbele na nyuma. "Zima!" akapiga kelele. "Kama unamuua muue, lakini zima hiyo kitu! Mimi siwezi kusikiliza!"

"Zima, dada," mwingine akadakia. "Tunakuomba. Zima kwanza."

Nikashika ufunguo uliokuwa kifuani kwangu. Ulikuwa wa moto kwa jasho. Swichi ilikuwa hapo, kando ya goti langu. Kugeuza mara moja tu. Korido zingetulia, sitaha ingetulia, na mimi ningeketi mbele ya taa iliyozimika nikisubiri. Hakuna mtu wa meli ile ambaye angenishitaki; wangeshukuru kwa kutosikia. Nilijua hata maneno ambayo Nahodha angeenda kumwambia mke wa Mbelwa. Moyo ulisimama ghafla, bi mkubwa. Hakuna aliyesikia kitu. Nilijua hata kapu, na kwamba lingekuwa la machungwa.

Watu walewale. Spika zilezile. Ombi lilelile.

Niliuchomoa ufunguo shingoni, nikafungua kidirisha cha pembeni na kuutupa baharini. Ulimetameta mara moja, ukapotea.

"Hakuna kuzima!" niliwaambia. "Akifa mtasikiliza. Akipona mtasikiliza."

Ndipo nikavuta mpini.

Sikumvuta kwa huruma, na nisingependa mtu anifikirie hivyo. Maiti hasumbuki. Maiti amepumzika. Mimi sikuwa nimemsafiria Mbelwa njia yote hiyo ili nikampumzishe.

Lakini kumvuta si kumpandisha tu. Ukimharakisha mzamiaji, damu yake inachemka kama soda iliyotikiswa. Kwenye kituo cha kwanza cha kebo kuna mtungi wa akiba wa hewa. Ilinibidi nimfikishe hapo kabla moyo haujakata tamaa, kisha nimpandishe kwa vipande, nikisimama na kusikiliza, nikipanda na kusikiliza. Nilimwendesha kwa usahihi kuliko mzamiaji yeyote niliyewahi kumwendesha. Kebo haikutikisika hata mara moja. Alasiri yote watu walisimama sitahani kama wako msibani. Wali ulipoa jikoni, hakuna aliyeufuata. Kila moyo ulipojikwaa walishtuka, na kila ulipoinuka tena walishusha pumzi, na Babu Mchopa alilia waziwazi bila kujifuta, na wote tulijua halii kwa ajili ya Mbelwa.

Walipomtoa maji mapafuni alikohoa kwa muda mrefu. Kisanduku cha sponji kilikuwa kimejaa. Alikikumbatia mpaka kwenye tanki la kupumzishia shinikizo.

*

"Tukifika bandarini nitakukabidhi polisi," Nahodha aliniambia.

"Ni haki, Nahodha. Nitawaeleza yote, tangu siku ya pilau. Na mpaka tufike, nani atakuendeshea winchi?"

Alikunja uso. Vyombo vyetu vingi bado vilikuwa chini, na safari ilikuwa ndefu. "Na hizo spika?"

"Ufunguo uko alikofia dada yangu. Tuma mtu akauchukue."

Alitazama maji, kisha akatazama pengine. Kinasa moyo hushonwa chini ya ubavu na hakitolewi ila hospitalini, nchi kavu. Spika ziko kwenye waya mmoja na kengele ya moto. Kuzikata ni kuvunja sheria ya bahari, na Nahodha Shaame ni mtu wa sheria.

Kwa hiyo sasa tunaishi na moyo wa Dokta Mbelwa. Tunaamka nao. Watu wanajua analala saa ngapi na anaota vipi. Vijana wanajua akidanganya kuhusu afya yake. Akipita korido ya chini, mbele ya ile picha ya mwisho, moyo unachechemea hatua tatu nne halafu unakaza mwendo, na jikoni, maabara, chumba cha injini, kila mtu anainua uso na kujua amepita pale. Hakuna anayelalamika. Ligwaru alijaribu siku ya pili. Babu Mchopa alimtazama tu.

Mchana Dokta alipotoka kwenye tanki kwa mara ya kwanza, alikuja kula na wengine. Amekonda. Aliketi mwisho wa meza, akanawa, akainama juu ya sahani. Spika zilipiga juu ya kichwa chake, polepole, moyo wa mtu anayejaribu kuwa mtulivu.

Nikaingia mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, hakuniona. Lakini alizijua hatua zangu.

Du-du-du-du-du.

Vijiko vyote vikasimama.

Babu Mchopa alinipakulia, akanikwangulia ukoko mpaka chini ya sufuria. Nikachukua sahani nikaenda kuketi mbele ya Dokta Mbelwa, uso kwa uso. Nikaupanga ukoko pembezoni mwa sahani, kipande kwa kipande, kama Esha. Kisha nikaanza kula, bila haraka, nikisikiliza.